Ufagio wa Mama Lukudu

"Mvua ni ya Mungu, binti. Kama iko na kesi, peleka kwa Mungu."

"Mvua ni ya Mungu, Mama, hapo sikatai. Lakini hii mbio ya maji ni ya kwako."

"Maji ilikuja na mguu yangu?"

"Yametoka uwanjani kwako, yameangusha uzio, yamebeba miche yangu yote ya safu ya chini. Angalia. Hii bogenvilia ilikuwa ya mteja, ilikuwa imeanza kutoa maua."

Janepher Namutebi aliinua mche uliokuwa unaning'inia mizizi kama kuku aliyenyonyolewa. Alikuwa amesimama kwenye matope hadi kwenye vifundo vya miguu. Mbele yake, pale ambapo hadi jana palikuwa na uzio wa mianzi, alisimama Mama Lukudu na ufagio mkononi, khanga ameifunga kifuani, tayari kwa lolote. Ilikuwa Jumanne, hata saa mbili asubuhi haijafika, na nusu ya mtaa wa Munuki ilishasogea. Nyapal, muuza chai wa ng'ambo ya barabara, alikuwa ameacha birika kwenye makaa ili asikie vizuri.

Mnafahamu ugomvi wa majirani unavyokuwa. Lakini huu ulikuwa na lugha yake. Mama Lukudu ni Mbari wa hapa hapa Juba, aliyekimbilia Arua, kule Uganda, enzi za vita na kurudi na Kiswahili cha soko la Arua. Janepher ni Mganda wa Masaka, mwaka wa sita sasa Juba, mtunza bustani wa hoteli moja kule Hai Amarat, na nyumbani ana kitalu chake cha miche ya kuuza. Mmoja hajui Kiganda, mwingine hajui Kibari, na Kiarabu cha Janepher ni kile cha sokoni: kinanunua nyanya vizuri, lakini hakiwezi kugombana. Kwa hiyo waligombana kwa Kiswahili, na kila mtu barabarani akapata fungu lake.

"Miaka kumi na mbili nimefagia hapa," Mama Lukudu alisema. "Hakuna jani, hakuna nyoka. Wewe kwako majani imelala kila mahali kama kwa mchawi, halafu unakuja kunifundisha?"

"Majani yangu yanakunywa maji, Mama. Wewe umefagia mpaka ardhi imekuwa sahani. Mvua ikianguka haina pa kuingia, inateremka yote kwangu. Shida si mvua. Shida ni ufagio wako."

Nyapal akaweka kiganja mdomoni.

Mtaani kwetu unaweza kumwambia mama wa watu kwamba mbuzi wake ni mwizi. Unaweza kumwambia mboga yake haina chumvi na mkaendelea kusalimiana. Lakini ufagio huugusi. Uwanja uliofagiliwa kabla ya jua kuchomoza, wenye mistari ya ufagio kama nywele zilizochanwa, hicho ndicho cheti cha mama mwenye nyumba. Janepher alikuwa amekichana cheti hicho mbele ya watu.

Kabla mama hajapata jibu, mwanawe alitokea mlangoni na funguo za lori mkononi. Lukudu ni yule kijana mrefu anayeendesha lori la maji, lile lenye tenki la bluu, anayesambaza maji mahotelini.

"Lukudu, njoo usikie. Huyu mwanamke anasema mimi naharibu nyumba sababu nafagia. Wewe unamjua huyu?"

Lukudu alimjua. Miezi minane sasa alimjua. Alijua anakunywa chai ya mchaichai bila sukari, alijua anaongea na miche yake kwa Kiganda akidhani hakuna anayesikia, alijua kovu la panga kwenye kidole gumba cha kushoto na siku aliyolipata. Alimtazama mama yake. Akatazama funguo.

"Huyu ni jirani tu, Mama. Tuache maneno, nachelewa."

Akapanda lori, akaondoka.

Janepher hakuwa amelia kwa ajili ya uzio, wala kwa ajili ya miche. Lakini kwa hayo maneno mawili aliinama haraka, kama mtu anayeokota kitu kwenye matope.

Tuseme ukweli, mapenzi yao hayakuanza kwa sherehe. Siku ya kwanza, Janepher akiwa ndiyo kwanza amehamia Munuki, Lukudu alileta maji hotelini, akaangusha mpira wa maji juu ya nyasi zilizopandwa juzi yake, akafungua koki yote. Janepher alitoka nyuma ya nyumba na gambuti zake.

"Bwana wa tenki, unawazamisha watoto wangu."

"Watoto gani?"

"Hao walio chini ya mpira wako."

Kesho yake Lukudu alirudi na gunia kuukuu. Akalikunja, akaliweka chini ya mdomo wa mpira ili maji yatoke taratibu. Kuna mapenzi yanayoanza kwa maua; haya yalianza kwa gunia.

Sasa walikuwa wamefika mbali. Jumamosi ya wiki hiyo hiyo Mjomba Mogga, kaka wa Mama Lukudu, alikuwa aje kutoka Rejaf kuzungumza habari za ndoa. Kwao mjomba asipokaa kwenye kikao, hakuna kikao. Mama aliambiwa tu kwamba kuna msichana, anafanya kazi hoteli moja ya Amarat, na jina atalisikia mjomba akiwepo. Lukudu alipanga hivyo kwa sababu mama yake alishasema mara mia kwamba anataka mkwe Mbari, mtu ambaye kwao ni karibu, siyo wa kuvuka mpaka. Alitegemea mjomba amlainishe. Hakupanga mvua.

Saa sita mchana simu ya Janepher ililia. Meseji.

"Jane nisamehe. Ilitoka tu mdomoni."

"Kila kinachotoka mdomoni kilikuwa ndani."

"Mama alikuwa na hasira. Ningesema pale angeita mtaa mzima."

"Mtaa mzima ulikuwa umeshafika. Nyapal aliacha hadi chai."

"Jumamosi nitasema yote. Mjomba akiwepo ni rahisi."

Janepher alifuta udongo kwenye kioo cha simu, akaandika taratibu.

"Mimi siolewi kwa urahisi wa mjomba. Sema kabla ya Jumamosi, mchana, mama yako akikutazama usoni. Ukishindwa, hoteli itatafuta mtu mwingine wa maji na mimi nitamzoea."

Akazima simu, akarudi kwenye waridi zake.

Jioni Nyapal alivuka barabara na vikombe viwili.

"Kunywa, dada. Umesikia? Mama Lukudu leo amefagia mara tatu. Anasema mkwe wake wa Amarat asije akakuta jani."

"Nyapal, niache."

"Mimi nakuacha. Lakini tangu saa kumi na moja alfajiri niko pale na birika langu. Unadhani sijui nani anatoka wapi?"

Janepher alimtazama kwa pembe ya jicho.

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu. Umbeya mzuri ni ule unaoiva wenyewe."

Alhamisi mvua ilirudi, ikanyesha saa nzima mchana, ikaacha. Janepher alikuwa anasimamisha tena mianzi ya uzio. Kwenye pengo lililobaki alimwona Mama Lukudu amepiga magoti kule juu kidogo, karibu na mwarobaini, beseni la udongo pembeni yake. Alikuwa anachota udongo kwa mikono, anaushindilia mahali, anaongea polepole kwa Kibari. Janepher hakuelewa hata neno moja. Sauti aliielewa. Ni sauti ya mtu anayemwambia mwenzake ngoja kidogo, vumilia.

Pale palikuwa na kaburi la baba yake Lukudu. Wengi hapa tunazika nyumbani, hakuna ajabu. Ajabu ilikuwa kona yake ya chini. Udongo ulikuwa umeliwa, sementi ya juu imebaki inaning'inia bila kitu chini yake, na ule udongo mpya wa beseni ulikuwa unateremka tena na maji kabla mama hajainua mkono.

Janepher aliweka panga chini. Akachukua jembe, akapita kwenye pengo.

"Nani alikuita?"

"Hakuna. Nimeona kona ya kaburi."

Mama hakugeuka. "Basi umeona kazi yako. Ulichimba mtaro kule kwako, maji inarudi nyuma inakula mzee wangu."

"Maji hayapandi mlima, Mama. Nipe kikombe."

"Cha nini?"

"Nipe tu. Nikikosea, nitajaza huo udongo peke yangu mpaka Krismasi."

Pengine ni ile namna alivyosema, bila ukali na bila kubembeleza. Mama alinyoosha kidole kwenye jerikani. Janepher akajaza kikombe, akakimwaga juu ya kaburi kidogo, pale palipofagiliwa vizuri zaidi. Maji hayakuzama hata tone. Yalikimbia juu ya ardhi kama juu ya sinia, yakabeba vumbi kidogo, yakapinda, yakaingia moja kwa moja chini ya kona ya sementi.

"Sasa njoo kwangu."

Walipita kwenye pengo wote wawili. Janepher alisogeza majani makavu kwa mguu. Chini udongo ulikuwa mweusi, laini. Akamwaga kikombe cha pili. Yakatoweka palepale.

Mama Lukudu alichukua kikombe mkononi mwake. Akarudi kwake, akamwaga mlangoni, akatazama. Akamwaga karibu na jiko, akatazama. Akamwaga chini ya rakuba, kile kibanda chao cha kivuli wanachokalia wageni. Mara zote tatu maji yalishika njia ileile.

"Mimi namfagilia kila asubuhi," alisema hatimaye. Sauti ilikuwa imeshuka. "Tangu tumzike, miaka saba. Akiwa hai alipenda kuamka anakuta mistari ya ufagio. Anasimama mlangoni anasema, nisikanyage, nitaharibu. Sasa wewe unaniambia mimi ndiye namfukua."

Janepher alikaa chini juu ya mzizi wa mwarobaini. Hapo ndipo alipojuta kila neno la Jumanne.

"Sisemi hivyo, Mama. Lakini huu mzizi niliokalia, zamani ulikuwa wapi?"

"Chini."

"Sasa uko nje kama goti. Ufagio unatoa vumbi kidogo, kidogo kabisa, huwezi kuliona. Miaka kumi na mbili ndiyo inaliona. Mzee anajua ulikuwa unampenda. Udongo ndio haujui mapenzi, wenyewe unajua maji tu."

Mama aliutazama ule mzizi, akatazama kona ya kaburi. Kisha akajipangusa magoti.

"Inatengenezeka?"

"Inatengenezeka. Kesho naomba ruhusa kazini."

"Na mimi nifagie wapi? Watu watasema Mama Lukudu amekwisha."

"Njia ya kutoka getini hadi mlangoni fagia. Chini ya rakuba fagia. Kuzunguka jiko fagia mpaka pang'ae. Kwingine tupande nyasi fupi, za kutambaa, nyoka hana pa kujificha."

"Nilipanda majani hapo chini ya mwarobaini. Ikakufa."

"Itakufa tu. Jua haliingii, na mizizi inakunywa yote. Hapo acha majani ya mti yalale yenyewe."

"Hapana. Yakilala, nyoka italala juu yake."

"Basi kokoto."

Mama akafikiri. "Kokoto sawa."

Ijumaa asubuhi mtaa wa Munuki uliamka ukakuta jambo. Mama Lukudu ameshika ncha moja ya kamba, Janepher ameshika nyingine, wanapima mteremko pamoja. Walipanga mawe kukatisha uwanja, safu tatu, kila moja imelala kinyume na njia ya maji. Nyuma ya kila safu Janepher alipanda mchaichai, shina kwa shina, umekaribiana kama watu kwenye benchi la kanisa. Pale maji ya bati yanapodondokea walichimba shimo, wakalijaza matofali yaliyovunjika ili maji yashuke chini badala ya kupiga ardhi. Kona ya kaburi ilijazwa udongo mzito uliochanganywa na mawe, ukashindiliwa kwa mchi wa kutwangia.

"Usipande karibu namna hiyo, itagombana," Mama alisema.

"Acha igombane. Ikigombana inashikana mizizi."

"Wewe mkaidi."

"Hata miche yangu inasema hivyo."

Mama alicheka, halafu akakumbuka kwamba bado amenuna, akaacha. Lakini mikono ikishafanya kazi pamoja mdomo hauwezi kukaa mbali. Baada ya safu ya pili alianza mwenyewe.

"Kesho mkwe wangu anajulikana. Iko Amarat, hotelini kama wewe. Labda unamfahamu?"

Janepher alishindilia shina la mchaichai kwa kisigino.

"Amarat kuna hoteli nyingi, Mama."

"Hao wa hoteli wanajua kufagia kweli? Nasikia wana mashine. Na Lukudu hataki kusema jina. Mtu anaficha jina la kitu kizuri?"

Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi wa Janepher. Lingetoka lote na kumaliza mambo hapo hapo. Akalimeza. Kama nikimsemea Lukudu leo, alijiambia, nitamsemea mpaka uzeeni.

"Kitu kizuri hakifichwi, Mama," alisema. "Hapo umesema kweli."

Saa saba na nusu lori la bluu lilisimama getini. Si saa yake ya kurudi. Lukudu aliingia mbiombio, akasimama ghafla. Labda njiani alikuwa amepanga hotuba. Ilimpotea alipowaona wanawake wale wawili wamechafuka hadi magotini, wameshika kamba moja.

"Mama."

"Usikanyage hapo, tumepanda."

Akarudisha mguu nyuma.

"Mama, yule msichana wa Amarat."

"Kesho. Mjomba wako akija."

"Ni huyu."

Mama Lukudu alikuwa ameinama, hakuinua kichwa. "Huyu nani?"

"Janepher. Jumanne uliniuliza mbele ya watu nikasema ni jirani tu. Nilidanganya. Nilikuogopa wewe, nikamwaibisha yeye. Huyu ndiye ninayetaka kumuoa, na nasema sasa, si kesho."

Mama akajinyoosha pole pole, mkono kiunoni. Hakumtazama mwanawe. Alimtazama Janepher.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Umechimba kwangu tangu asubuhi umenyamaza?"

"Kaburi halikuwa na kosa, Mama. Na neno lilikuwa la kwake, si la kwangu."

"Miezi mingapi?"

"Minane," Lukudu alijibu.

"Miezi nane. Mimi nimekaa hapa mlangoni miezi nane. Mlikuwa mnapitia wapi?"

Sauti ikatoka barabarani, kutoka nyuma ya birika.

"Pale kwenye mianzi iliyolegea, Mama Lukudu. Mimi nilidhani unajua."

Wote watatu waligeuka kutazama pengo la uzio. Ni kweli, maji yalikuwa yameuangusha, lakini yaliukuta umeshatikiswa kwa miezi minane. Lukudu alishika shingo yake. Janepher alitazama kucha zake zilizojaa udongo. Alikuwa amempigia kelele mama wa watu kwa uzio ambao mpenzi wake ndiye aliyeulegeza, tena kwa kumfuata yeye.

"Kalas, imetosha," Mama alisema. "Leo mimi sina maneno. Nendeni. Wote."

"Na hii safu ya tatu?" Janepher aliuliza.

"Safu maliza. Halafu nenda."

Jumamosi Mjomba Mogga alifika kabla ya saa sita, kofia kichwani, fimbo mkononi. Harufu ya samaki wa karanga ilipita juu ya uzio ikaja hadi kwenye kitalu, mahali Janepher alipokuwa amekaa anajaza udongo kwenye vifuko. Alikuwa amevaa nguo zake za kazi kwa makusudi. Gauni zuri lilikuwa limepigwa pasi, limetundikwa ndani.

Simu ililia.

"Jane, mjomba amekaa. Mama hajasema neno tangu jana. Anapika tu. Njoo."

"Nimeitwa?"

"Mimi nakuita."

"Lukudu, jana ulisema vizuri, na sasa nalala vizuri. Lakini chungu si chako. Mwenye chungu ndiye anaita watu kula."

"Asipoita?"

Janepher alishindilia udongo kwa kidole.

"Asipoita nitabaki mimi. Nilikuja Juba na begi moja na mkasi wa kukatia maua, na sasa angalia. Sitakufa. Lakini sitaingia kwa mama yako kupitia tundu kama kuku. Kaa na mjomba wako, usimwache peke yake."

Akakata simu. Akachukua kifuko kingine.

Mvua ilianza saa saba. Haikuanza kwa matone. Ilimwagika yote pamoja kama tenki lililopasuka, ikapiga mabati mpaka huwezi kusikia mawazo yako. Janepher alisimama kwenye pengo, gunia la plastiki kichwani, anatazama. Maji yalikuja kutoka juu, mekundu, yamebeba povu. Yakafika safu ya kwanza. Yakasita. Yakatawanyika nyuma ya mawe, yakapanda kidogo, yakapita juu yakiwa yamechoka. Safu ya pili yalifika yakitembea. Shimo la chini ya bati lilikuwa linameza bila kushiba.

Ila safu ya tatu, ile iliyomalizwa kwa hasira ya Ijumaa, ilikuwa haijashikana. Jiwe moja karibu na kaburi lilitikisika. Likasogea. Maji yakapata mlango, mashina mawili ya mchaichai yakang'oka, yakaelea.

Kabla Janepher hajasogea, Mama Lukudu alishatoka chini ya rakuba. Kitenge kipya, kitambaa kipya kichwani, peku, amemwacha kaka yake na sahani magotini. Aliliendea lile jiwe akalikanyaga kwa mguu mmoja. Maji yakampiga kwenye goti, akayumba.

Janepher alitupa gunia, akakimbia.

"Kanyaga hapo hapo, Mama, usitoe mguu. Mimi nashika hili lingine."

"Lisukume kwangu."

"Nasukuma. Shika bega langu."

"Mimi siwezi kuanguka."

"Shika tu."

Mama akashika. Wakasimama hivyo, kila mmoja na mguu juu ya jiwe lake, bega kwa bega, na maji yakagonga, yakatafuta pengo, yakalikosa, yakazunguka. Lukudu alikuja mbio na jembe, akaanza kuwapa udongo na matofali bila kuambiwa. Kona ya kaburi ilikaa. Hata punje moja haikuteremka.

Mjomba Mogga alikuwa amesogea hadi ukingoni mwa rakuba. Aliita juu ya kelele za mvua, kwa Kibari kwanza, halafu alipoona yule mgeni hageuki, kwa Kiswahili.

"Dada, ni nani huyo umemshika?"

Janepher alihisi vidole vya mama vikikaza begani mwake. Lukudu alifungua mdomo. Mama yake akamnyamazisha kwa jicho moja.

"Ndiye tulikuitia," Mama Lukudu alisema.

"Huyo? Wa wapi?"

"Wa Masaka. Uganda. Tulikula kwao wakati hatuna kwetu, umesahau? Mimi sikusahau. Nilikuwa nimenuna tu."

Mvua ilipungua kama ilivyokuja, ghafla. Maji yalikuwa yamebaki nyuma ya mawe, yanazama taratibu. Janepher alishusha pumzi, akavuta bega lake pole pole, akaelekea kwenye pengo la uzio.

"Unaenda wapi?"

"Nikabadilishe nguo, Mama."

"Nenda. Lakini hapo usirudi kupita, wewe wala huyu. Kesho Lukudu anaziba. Zunguka barabarani, pita getini, Nyapal akuone na kila mtu akuone."

Alizunguka. Gauni lilimkaa vizuri, hata kama kucha zilikataa kutoka udongo. Nyapal alisimama kabisa, birika mkononi, akamsindikiza kwa macho bila kusema neno, na hilo peke yake lilikuwa ajabu. Geti lilikuwa wazi. Lukudu alikuwa amesimama pale na beseni na jagi la maji ya kunawa, anamsubiri kama mtu anayesubiri mgeni wa heshima, na alipomwagia maji mikononi aliyamwaga taratibu.

"Mjomba anauliza kwenu mahari ni ng'ombe wangapi," alimnong'oneza.

"Mwambie kwetu ni ndizi."

Chini ya rakuba Mama Lukudu alikuwa bado na kitenge kilicholowa. Alikuwa ametandika mkeka upya. Alifunua sufuria, mvuke ukapanda, akapakua asida, ugali wa huku, na kipande kikubwa cha samaki, kile cha karibu na kichwa. Mjomba Mogga alisogeza fimbo yake, akakohoa kidogo, tayari kuanza.

"Jane, ingia," Mama alisema. "Kaa hapa karibu na mimi. Mjomba wako iko na maswali mengi. Usimjibu hata moja kabla hujashiba."